Bruce U Alipofika Juba

Vijana wangu hapa Juba kila anayerusha teke wanamwita mtu wa karate. Ukiwaambia huyu ni wa kung fu, wanakuuliza, kwani si anapiga? Basi nilipowaletea "Who Killed Captain Alex?", filamu ya Uganda ya mwaka 2010, walikaa kumsubiri mtu mmoja tu, Bruce U.

Nyinyi mliokulia Kakuma kama mimi mnajua watu wa aina yake. Tulibanana kwenye vibanda vya video tukamwona Chuck Norris, tukamwona Van Damme, na Dolph Lundgren ambaye alikuwa bingwa wa Ulaya wa karate ya Kyokushin kabla hajawa yule Mrusi wa Rocky IV. Hao walitoka kwenye mashindano wakaishia Hollywood. Bukenya Charles, anayeigiza Bruce U, ni mwalimu wa kung fu wa Wakaliga, mtaa wa mabanda Kampala, na sinema ilimkuta huko huko mtaani. Mwongozaji, Nabwana I.G.G., alitumia kompyuta ya kuunga-unga, na bunduki zao ni vyuma chakavu.

Mi naona filamu hii ni mbili ndani ya moja. Ya kwanza ni ya mwili. Bruce U akianza kupigana, unaona kabisa huyu amefanya mazoezi miaka. Mguu unapanda, vumbi linapanda nao, na anayeanguka anaanguka kwenye udongo kweli. Hapo vijana walinyamaza. Kijana anayefanya mazoezi anamtambua mwenzake hata kama picha ni mbaya, na hii picha ni mbaya, tusidanganyane.

Ya pili ni ya bunduki na helikopta. Watu wanakufa kama nzi, na VJ Emmie anapiga kelele na utani juu ya kila kifo. Sauti yake huwezi kuiondoa, maana nakala ya kwanza ilipotea na iliyobaki ndiyo yenye maneno yake. Kampala watu hucheka. Hapa pia walicheka, tena sana. Lakini helikopta ilipoanza kulipua majengo, kijana mmoja alisimama akatoka nje. Julai 2016 alikuwa mtoto hapa Juba, na helikopta aliziona angani siku zile. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria mafuta ya jenereta tu.

Nilimfuata. Hakulia, alikuwa anachora chini na kijiti. Akaniuliza, "Kaka, wanacheka nini?"

Sikuwa na jibu zuri, na bado silikubali lile alilonipa mwenzake baadaye, kwamba bunduki ya chuma chakavu inachekesha kwa sababu inaonekana wazi haiwezi kuua. Kuna ukweli hapo. Filamu za amani tunazoletewa na maofisa (samahanini, mnaosoma hili ofisini) zinawalaza usingizi, na hii iliwaamsha. Lakini utani wa VJ hauchagui. Unacheka jambazi akifa, unacheka na mji ukiungua.

Kinachonifanya nimtetee Bruce U ni kitu kingine. Yeye ni ndugu wa Kapteni Alex, anakuja kumtafuta muuaji, na kwa mateke yake yote hapati jibu. Filamu inaisha bila kutuambia nani aliua. Vijana walikasirika, wakasema wametapeliwa. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu ndani ya chumba kile sidhani kulikuwa na mtu asiye na ndugu aliyekufa bila kujulikana nani alifanya.

Jumamosi tunaionyesha tena, wameomba wenyewe. Safari hii nitawaambia kabla kwamba helikopta inakuja na kwamba imechorwa kwa kompyuta. Anayetaka kutoka atoke, na nitakaa naye nje mpaka kelele ziishe.