Reli Nyepesi: Wepesi wa Kitu Gani?

Miongoni mwa maneno ya uchukuzi yaliyokwisha kuenea magazetini na katika nyaraka za serikali limo neno "reli nyepesi". Hutajwa kila zinapozungumzwa treni za umeme zipitazo katikati ya miji, na mashauri ya kujenga njia za namna hiyo yamepata kutolewa Dar es Salaam na Nairobi pia. Hatuna nia ya kuwakejeli waliolitumia kwanza. Mfasiri aliyebanwa na muda huandika lile lililo karibu. Lakini neno hili li njiani kuingia katika mikataba, katika matangazo ya kutwaa ardhi na katika vitabu vya shule. Kabla halijafika huko, yafaa tuulize lasema nini.

Tuanze na reli yenyewe. Katika Kiswahili "reli" ni kile chuma kirefu kilichotandikwa juu ya mataruma, na pia ni mfumo mzima wa njia, vituo na magari. Mafundi wa njia hukipima chuma hicho kwa uzito wake, zamani kwa ratili kwa yadi na siku hizi kwa kilo kwa mita. Basi fundi akiambiwa "reli nyepesi" ataelewa chuma chembamba, cha kubebea mizigo midogo. Wala hatakuwa amekosea, kwa kuwa reli za namna hiyo twazijua. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga zilitandikwa njia nyembamba za vigari vya kuchukulia majani mpaka kiwandani, na hizo zilikuwa reli nyepesi kwa kila hali.

Sasa tutazame njia za umeme za mijini. Reli yenye mfuo, itandikwayo barabarani katika miji mingi ya Ulaya, huwa na uzito wa karibu kilo 58 hadi 60 kwa mita. Reli ya ratili 80 kwa yadi, ambayo imetumika katika sehemu za Reli ya Kati yetu inayobeba mabehewa ya shehena kutoka bandarini, ina uzito wa karibu kilo 40 kwa mita. Hivyo ile iitwayo nyepesi yazidi kwa nusu uzito wa ile ambayo hakuna aliyethubutu kuiita nyepesi. Mwalimu wa chuo cha ufundi atakayeulizwa jambo hili na mwanafunzi atapata taabu ya kujibu.

Wepesi huo ulitoka wapi? Ulitoka Marekani mnamo 1972, pale idara ya serikali kuu iliyosimamia usafiri wa miji ilipohitaji jina la mfumo ambao haukuwa tramu ya kizamani, wala haukuwa reli kubwa ya chini kwa chini. Walichokusudia kwa "wepesi" ni kiasi cha abiria wanaobebwa na namna ya ujenzi, vikilinganishwa na ile reli kubwa. Uzito wa chuma haukuwamo. Na maneno yale yale yalikuwa yamekwisha tumika Uingereza katika sheria ya mwaka 1896, kwa maana nyingine kabisa: njia za gharama ndogo zilizojengwa hasa mashambani. Kwa hiyo hata katika Kiingereza neno hili lina historia mbili, na sisi tumelichukua bila hata moja.

Wengine hawakulifuata. Wajerumani husema Stadtbahn, yaani reli ya mji, na hapo hakuna fumbo. Mjini Tunis, ambako njia ya namna hii ilifunguliwa mwaka 1985, waliita metro nyepesi. Rabat, Algiers na Casablanca wametosheka na tramu. Manila nao walishika jina la Kimarekani mwaka 1984, ingawa njia yao ya kwanza yote imejengwa juu ya nguzo na abiria wake ni wengi kupindukia. Tumeitaja mifano hii ili msomaji aone kwamba jina si sehemu ya mtambo. Mtambo ule ule umepewa majina mbalimbali, kila mji kwa uamuzi wake.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Addis Ababa. Huko njia ya kwanza ilifunguliwa Septemba 2015, na zote mbili kwa jumla zina urefu wa kama kilomita 34 na vituo 39. Ujenzi ulifanywa na shirika la China, na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo kutoka nchi hiyo hiyo. Kwa Kiamhari reli hiyo huitwa qelal babur. Babur ni treni, nalo ni neno lililotokana na lugha za Ulaya kwa maana ya mvuke, sawa na sisi tulivyofanya kwa "moshi". Qelal ni kisicho kizito, na pia ni kilicho rahisi. Waamhari, basi, wamepatwa na lile lile linalotukabili.

Maana Kiswahili nacho hakina huruma katika sifa hii. Kitu chepesi si kizito. Mtu mwepesi ni mwenye haraka. Mtihani mwepesi ni ule usio na taabu. Chai nyepesi ni ile iliyokosa majani ya kutosha. Mwananchi aketiye katika mkutano wa mtaa na kuambiwa kwamba "reli nyepesi itapita hapa" ana haki ya kuchukua maana yoyote katika hizo. Atadhani ni kitu kidogo, kitakachojengwa upesi, kisichomsumbua mtu. Hakuna aliyemdanganya, ila neno lenyewe limekwisha kumwahidi.

Kilichojengwa Addis Ababa si kidogo. Sehemu kubwa ya njia imepita katikati ya barabara kuu, ikiwa imezungushiwa uzio pande zote mbili, hata aliyezoea kuvuka mbele ya mlango wake ikamlazimu kutembea mpaka palipowekwa pa kuvukia. Katikati ya mji, ambapo njia mbili hutumia reli moja, imepandishwa juu ya nguzo za zege. Kuitunza nako hakukuwa rahisi: zilinunuliwa treni 41, na ilipofika miaka ya mwanzo ya 2020 zilizokuwa zikitembea hazikufika nusu, kwa uhaba wa vipuri. Hatusemi kwamba reli hiyo haikufaa. Imewachukua watu wengi wasiokuwa na usafiri mwingine. Twasema tu kwamba sifa ya wepesi haikuieleza katika ardhi, katika fedha wala katika matengenezo.

Yuko atakayetujibu kwamba istilahi hupata maana kwa matumizi, na atatutajia "gari la moshi". Tangu 2024 treni za umeme zinakwenda baina ya Dar es Salaam na Dodoma bila chembe ya moshi, na wapo wazee wanaoziita gari la moshi hata leo. Hoja hii ina nguvu, lakini twaona tofauti. Aliyesema "gari la moshi" alikuwa amesimama kando ya njia akauona moshi. Moshi ukaondoka, jina likabaki na watu wanaolielewa. "Reli nyepesi" yaanza na jambo ambalo hakuna jicho lililoliona. Watu wakiachiwa wenyewe hutaja walionalo au walijualo: treni za abiria za jijini Dar es Salaam zilipoanza mwaka 2012 ziliitwa treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa wakati ule, na "mabasi yaendayo haraka", jina refu la kiofisi, mara tu yalipoanza kutembea mwaka 2016 yalikuwa "mwendokasi". (Hilo la mwisho limewaletea walimu wa fizikia kazi ya ziada, lakini ni habari ya siku nyingine.)

Pendekezo letu ni "reli ya mji" kwa njia yenye ukanda wake ndani ya barabara, na "tramu" pale treni inapotumia barabara pamoja na magari. Hatufichi kwamba pendekezo lina upungufu. Treni ya Mwakyembe nayo ilikuwa ya mji, ingawa ilipita katika njia za zamani za masafa marefu. Kwa hizo twaona "treni za vitongoji" lingefaa, lakini tungependa kusikia kutoka kwa wenzetu wa uchukuzi kabla ya kulishikilia.

Kosa lililo kubwa zaidi, na ambalo halijasemwa, ni "haki ya njia". Neno hili huonekana katika tafsiri za taarifa za miradi, nalo limetafsiriwa neno kwa neno. Katika Kiingereza maneno hayo yamebeba mambo matatu: ukanda wa ardhi ambamo njia itapita, haki ya kisheria ya kupita katika ardhi ya mtu, na kipaumbele cha chombo kimoja mbele ya kingine kwenye njia panda. Mtaalamu Vukan Vuchic ameigawa mifumo yote ya usafiri wa mjini kwa kufuata jambo la kwanza tu: njia iliyochanganyika na magari mengine, njia iliyotengwa lakini ikatanayo na barabara, na njia iliyotengwa kabisa. Hiyo ndiyo tofauti inayopanga gharama, mwendo na idadi ya nyumba zitakazovunjwa, na ndiyo itenganishayo tramu na reli ya mji kuliko uzito wowote.

Tufikirie sentensi kama hii: "Mradi utapewa haki ya njia katika sehemu zote." Mwenye kibanda kando ya barabara aisome vipi? Yawezekana ardhi yote mpaka ukutani kwake itatwaliwa. Yawezekana pia kwamba taa za barabarani zitaipisha treni kwanza, na yeye hataguswa. Ofisa wa ardhi na wakili wake wanaweza kuisoma kila mmoja kwa namna yake, na wote wawili wakawa na kamusi mkononi. Twashauri "hifadhi ya reli" kwa ardhi, kwani "hifadhi ya barabara" limekwisha kuzoeleka na kila mwenye nyumba alijua; "haki ya kupitisha njia" kwa ile ya kisheria; na "kipaumbele" kwenye njia panda, bila kuongeza neno. Nyaraka zilizokwisha kutolewa zingefaa zipitiwe upya kwa jambo hili kabla ya fidia yoyote kukadiriwa.

Yaliyobaki ni madogo. "Kituo" chatosha kwa mahali pa kupandia treni ya mji. "Stesheni" tuliachie jengo lenye ofisi na dirisha la tiketi. "Mataruma" yasiachwe, ni neno la majahazi lililohamia relini kwa heshima. Na pale watu wanapokatisha njia tungesema "kivuko cha miguu", neno la pili likiandikwa kila mara, kwa sababu msomaji wa Kigamboni akiona "kivuko" peke yake atafikiri ni pantoni.