Saa za Mfukoni za Kijeshi na Bei Zake

Saa ya mfukoni ya kijeshi haina dhahabu ya kuipandisha bei. Zile ambazo Uingereza iliagiza kutoka Uswisi wakati wa Vita Kuu ya Pili zilikuwa na kasha la metali ya kawaida, na mgongoni zilichongwa mshale mpana wa mali ya serikali, herufi G.S.T.P. na namba. Cyma, Doxa, Helvetia na Moeris ni miongoni mwa waliozitengeneza, na kwa wingi wake, hadi leo hata mkusanyaji anayeanza huzimudu. Ya Jaeger-LeCoultre, yenye alama zilezile, huuzwa ghali zaidi kwa jina lake na kwa uzuri wa mashine yake.

Ufundi wenyewe hung'aa zaidi katika Hamilton 4992B, iliyoundwa Lancaster, Pennsylvania, kwa ajili ya waongoza njia wa ndege za kivita za Marekani. Uso wake ni mweusi, saa zimeandikwa hadi 24, na akrabu ya sekunde huzunguka kutoka katikati. Kitufe cha kutilia ufunguo kikivutwa, mashine nzima husimama, ikingoja ishara ya redio ili iachiwe kwa sekunde ileile. Hapakuwa na anasa yoyote katika usahihi huo. Aliyepima nyota kwa saa iliyokosea sekunde 4, karibu na ikweta, alijidhania yuko maili 1 ya baharini mbali na alipokuwa. Kwa chombo kinachoenea kiganjani, chenye vito 22, kuihimili kazi hiyo kwenye baridi ya angani ni ustadi wa kustaajabisha.

Kinachoamua bei kuliko yote ni uasili. Uso wenye madoa ya uzee hushinda uliopakwa rangi upya, hata huo mpya ukipendeza macho. Kasha lililosuguliwa mpaka mshale ukafifia limepoteza ushahidi wake. Mnunuzi makini hufungua mfuniko kabla ya kutoa pesa, maana si ajabu kukuta mashine ya kiraia imevishwa kasha la jeshi. Barua inayoihusisha saa na askari fulani huongeza thamani. Hadithi tupu ya muuzaji haistahili hata senti.

Akrabu za G.S.T.P. nyingi zilipakwa rangi ya radiumu ili zionekane gizani. Mng'ao ulishafifia, lakini radiumu, ambayo hupungua nusu kwa miaka 1,600, bado ipo. Kwa kuwa ni ya hatari, rangi hiyo haikwanguliwi. Fundi saa mwenye ujuzi husafisha mashine, huitia mafuta na kuuacha uso ulivyo.