Benzi Haidumu Yenyewe

Mtaani husemwa kwamba Mercedes-Benz 123 ya dizeli haifi. Husemwa kwa heshima, na mara nyingi na mtu ambaye hajawahi kumiliki hata moja. Ushahidi huletwa kutoka mbali: teksi za Morocco zilizopakia abiria sita sita na kuvuka milima nao miaka nenda miaka rudi; tena yule dereva teksi wa Thessaloniki, Ugiriki, Gregorios Sachinidis, ambaye 240 D yake ya mwaka 1976 ilifikisha kilomita milioni 4.6 kabla hajaikabidhi kwa walioiunda mwaka 2004, ikaingia kwenye makumbusho yao. Ile yake ilikuwa ya muundo uliotangulia 123, ila injini ni ya ukoo ule ule. Wasimulizi huruka sehemu moja tu ya habari hii: injini ya gari lile ilibadilishwa zaidi ya mara moja. Ilishushwa, ikafunguliwa, nyingine ikapanda. Kilomita zile zote ni sifa ya mtu aliyejua lini gari linataka kushughulikiwa, na mimi naona tumempokonya sifa yake tukaipa chuma.

Aina ya 123 ilizinduliwa Januari 1976 ikaundwa hadi Januari 1986, nyingi zikitoka Sindelfingen, jirani na Stuttgart. Jumla zilikaribia milioni 2.7. Mwanzoni wateja walisubiri muda mrefu mno, kiasi kwamba gari lililokwisha kutumika kidogo liliweza kuuzwa ghali kuliko jipya. Na walikuwa wakisubiri nini? 240 D ilikuwa na nguvu za farasi 65, baadaye 72, na ilihitaji zaidi ya sekunde 20 kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Ndugu yake mdogo, 200 D ya farasi 55, ilichukua nusu dakika nzima. Watu walipanga foleni kwa ajili ya ugoigoi huo! Kwetu Afrika Mashariki magari ya nembo hii yalikuwa ya wakubwa. Waziri alipita ndani yake, sisi wengine tukabaki kituoni na vumbi lake. Leo yaliyosalia yako kwa wastaafu, kwa mafundi wenyewe, na kwa walimu kama mimi ambao enzi zile tusingethubutu hata kuliegemea. Langu ni la krimu, rangi ambayo teksi za Ujerumani zilitakiwa kupakwa kuanzia mwaka 1971, na pale gereji hawachoki kuniuliza nauli ya Posta ni shilingi ngapi.

Sababu ya kulipenda iko chini ya boneti. Ukiachia kibano kilichopo kwenye bawaba, boneti linasimama wima kabisa, nyuzi 90, na injini yote inakaa peupe kama bidhaa juu ya meza ya mchuuzi. Filta ya oili iko juu, ndani ya kopo ambalo kifuniko chake kimeshikwa na nati mbili, unaibadilisha umesimama. Dizeli hupita kwanza kwenye filta ndogo ya plastiki angavu, nawe unauona uchafu kwa macho kabla haujaifikia pampu. Ukishabadilisha filta kuna kipampu cha mkono cha kutolea hewa iliyonaswa kwenye mirija. Waliochora haya yote walikuwa wakimfikiria mtu mwenye spana, atakayekuja baadaye, asiyejulikana jina wala nchi. Walikubali kwamba vitu vitalika. Wakaweka mahali pa kukaza, mahali pa kulegeza, mahali pa kupimia.

Oili mpya, kwa njia, hugeuka nyeusi tii kabla hujamaliza kunawa mikono. Ni masizi ya dizeli. Usimgombeze muuza oili.

Kazi ninayoipenda kuliko zote, na ambayo huomba ruhusa kazini ili niishuhudie, ni kuseti tapeti, yaani kurekebisha nafasi za valvu. Hufanywa asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, maana vipimo vyake ni vya injini baridi. Fundi hufungua kifuniko cha juu, akaweka soketi ya 27 kwenye bolti ya kranki, akaizungusha injini kwa mkono, sikuzote kuelekea upande inakozungukia yenyewe. Kuirudisha kinyume ni kuitafutia balaa cheni ya taimingi. Silinda nne, valvu nane. Anasubiri nundu ya kamshafti igeukie pembeni na kuiachia roka ipumue, ndipo anapenyeza fila, kile kibati chembamba cha kupimia. Valvu ya kuingiza hewa inataka nafasi ya milimita 0.10. Ya kutolea moshi inataka zaidi, kwa kuwa hiyo hupata moto mkali na kurefuka. Kisha zinakuja spana za 14 zilizopindwa shingo kwa ajili ya kazi hii tu: moja inashika, nyingine inalegeza, kipimo kinapatikana, halafu nati ya kufungia ikazwe bila kukihamisha kipimo hicho. Hapo ndipo wengi huumbuka. Ukikaza, kinasogea kidogo; lazima ukitegee, ukiache kimelegea nusu ya unywele ili nati yenyewe ikimalizie.

Fila inatakiwa ipite kwa ukinzani mdogo, isikwame wala isiteleze tu. Ukinzani huo ni kiasi gani? Kitabu cha kiwandani kinatoa namba, na namba haitoshi. Fundi wangu humpa mwanafunzi fila aipitishe kwenye valvu aliyoiseti yeye mwenyewe, aitoe, aipitishe tena, aende kunywa chai, arudi aipitishe tena. Hamwelezi kitu. Siku kijana atakapoiseti yake na mzee akaipima bila kusema neno, akahamia valvu inayofuata, amefuzu.

Ubaya wa valvu hizi ni kwamba zikiachwa hazilalamiki. Kiti cha valvu hulika polepole, shina linapanda, nafasi inabana, na kadiri inavyobana ndivyo kelele inavyopungua. Mwenye gari anafurahi kwamba injini imetulia. Kumbe valvu hazifungi sawasawa na mgandamizo unavuja, na dizeli haina cheche ya kuiokoa. Inategemea joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda, basi. Gari linaanza kugoma asubuhi. Mwenyewe ananunua betri. Halafu hita plagi. Halafu anaambiwa pampu imekwisha, na pampu ndiyo inayommaliza mfukoni. Fundi wangu hana hofu na tapeti inayogonga kidogo. Iliyonyamaza ndiyo humfanya afuate boksi la spana. Nimekuja kuamini kwamba nusu ya magari yaliyouzwa kama vyuma chakavu yalikuwa yanadai kazi ya asubuhi moja, na kwamba ile sifa ya kutokufa ndiyo iliyoyaua. Anayesadiki gari lake haliharibiki hafungui kifuniko.

Basi sikiliza na kisa cha vakyumu. Injini ya petroli ukiikatia umeme inazima. Dizeli haihitaji umeme kuendelea kuwaka, kwa hiyo lazima inyimwe mafuta. Kwenye 123 kazi hiyo hufanywa na mvuto wa hewa: ukigeuza ufunguo, mrija mwembamba unapeleka mvuto kwenye kifaa kilicho nyuma ya pampu ya dizeli, nacho kinafunga mafuta. Mvuto huo hutoka kwenye pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, na ndio huo huo unaosaidia breki na, kwa magari yenye kufuli za pamoja, unaofunga na kufungua milango, buti na kifuniko cha tangi. Sasa kiwambo cha raba kikipasuka ndani ya mlango wa nyuma, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kutazama, unaweza kutoa ufunguo, ukashuka, ukafunga mlango, na injini ikaendelea kunguruma huku majirani wakikukodolea macho. Wajerumani walilifikiria na hilo. Kwenye injini kuna kishikio kidogo kilichoandikwa STOP. Unafungua boneti, unakibonyeza kwa kidole, linanyamaza.

Kuutafuta uvujaji huo ni kazi ya akili. Mirija ina rangi mbalimbali ili uweze kuifuatilia. Fundi hushika pampu ya mkono yenye saa ya kupimia, anatenga tawi moja, anavuta, anaangalia mshale. Ukitulia, anahamia tawi jingine. Mshale ukianza kuporomoka amefika. Mara nyingi dawa ni kiungio cha raba ambacho bei yake haifiki ya sahani ya wali. Asiye na subira angekuwa ameshang'oa kile kifaa cha kuzimia, akanunua kingine, na tatizo likabaki palepale mlangoni.

Mengine nayapitia haraka. Beringi za habu za mbele hukazwa zikabakizwa na mchezo wa kati ya milimita 0.01 na 0.02, na anayekaza kwa nguvu za mkono tu akatoka zake amezichoma. Tairi hushikwa na bolti, hazina nati, na bolti hizo zinataka Nm 110. Ukimwachia kijana wa pancha na bomba lake refu, siku ya kubadilisha tairi njiani utalia. Rejeta zenye shingo ya plastiki huzeeka kwa ndani, zikikatika hazitoi taarifa.

Kutu ni habari nyingine, na chumvi ya Dar es Salaam haisomi nembo. Hukaa pale jeki inapoingia, chini ya betri, kwenye fenda kuzunguka taa, kwenye kona za chini za kioo cha mbele, na ndani ya shimo la tairi la akiba. Majani ya mwarobaini yakiziba njia za maji chini ya kioo, maji yanatafuta njia ya kwao. Fundi wa bodi mwenye adabu hukata bati na kuchomelea jingine. Asiye na adabu hupaka pati na kupiga rangi, kazi ikapendeza hadi masika. Nina sumaku ndogo ya friji ninayoitumia kumjua yupi ni yupi, na sioni aibu kuitoa mbele yake.

Spea bado zipo. Hapa tunaanzia Gerezani na Kariakoo, wenzetu wa Nairobi wanaanzia Kirinyaga Road, na pote kuna muuzaji mwenye jamaa Sharjah kwenye yale maduka ya vitu vilivyong'olewa. Kipya kinyemi ingawa kidonda: boksi linalong'aa lenye jina la Ujerumani lisilochapwa vizuri limeshawaponza wengi. Mimi nachagua kitasa, mota ya kioo au saa ya dashibodi iliyotumika lakini halisi, kuliko mpya ya bandia. Breki, boljointi na mipira ya breki sinunui zilizotumika kabisa, hata muuzaji aape kwa nani.

Na raha je? Raha inaanza kabla ya mwendo. Unageuza ufunguo nusu, taa ya njano inawaka, unasubiri hita plagi zifanye kazi yao. Ni sekunde chache ambazo huwezi kuziharakisha. Taa inazima, unapiga stata, injini inagonga kwa kishindo halafu inapata mdundo wake. Mshale wa oili unapanda hadi 3 na kukaa hapo. Usukani ni mpana, viti vina springi za kweli, na ile nyota mbele inakuonyesha ncha ya gari ilipo unapopenya foleni ya Buguruni. Nje ya mji, kwenye barabara ya Chalinze hadi Segera, unajifunza uendeshaji ambao magari mepesi hayafundishi. Huwezi kulipita lori kwa ghafla. Unalisoma toka mbali, unakusanya mwendo kwenye mteremko, unautunza hadi kwenye mwinuko, na kama haikuwezekana unatulia nyuma yake kwa kilomita 70 bila kinyongo. Kwenye matuta gari linashuka na kupanda taratibu, na mama mkwe wangu, ambaye husumbuliwa na kichefuchefu kwenye kila gari la kisasa tulilompakia, hulala hadi Korogwe.

Halina usafi wa kujivunia. Linatoa masizi, na nisingependa mji wote uliendeshe. Lenye valvu sawa na nozeli safi hutoa machache, hilo tu ndilo naweza kulitetea.

Kijana akinijia kutaka ushauri wa kununua, namwambia asitishwe na kilomita wala asilainishwe na rangi. Apige magoti atazame pa kuwekea jeki. Afunge milango yote kwa ufunguo mmoja, asikilize kama ya nyuma imeitika. Atoe kifuniko cha oili injini ikiwaka, aone ni mvuke mwepesi unaotoka au moshi unaosukuma. Aombe kuona risiti ya mwisho ya kuseti tapeti, na asishangae akiambiwa gari la aina hii halihitaji. Zaidi ya yote aende alfajiri, bila kupiga simu, aguse boneti kwanza. Likiwa na joto, amuage muuzaji kwa upole na arudi kesho yake mapema zaidi.