Mpangaji na Jasusi: Kompyuta ya Ofisi Isiyo na Nywila ya Msimamizi

Katika ofisi ndogo zilizo kandokando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, pale Kwa Sadala inapochepuka njia ya kupandia Masama, karani aitumiaye kompyuta ya kazini tangu asubuhi hadi jioni aghalabu hana juu yake ila mamlaka ya mtumiaji wa kawaida, ilhali nywila ya msimamizi iko mjini, kwa mtu wa TEHAMA aonekanaye kwa nadra. Kompyuta hiyo ikiingiwa na programu ya ujasusi, ile inayonakili kila herufi ibonyezwayo na kuipeleka kwa mtu asiyejulikana, karani hujiona amekosa hila, kwa kuwa hata antivirasi haruhusiwi kuiweka. Rai yangu ni kwamba unyonge huo una faida asiyoihesabu, maana kizuizi kinachomzuia yeye humzuia pia jasusi aliyeingia kwa jina lake.

Zama za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, majumbani na katika ofisi ndogo karibu kila mtu aliingia kwa mamlaka ya msimamizi, na programu yoyote aliyoifungua, kwa kujua au kwa kughafilika, ilirithi mamlaka hayo na kujipenyeza hadi kiini cha mfumo. Kuanzia Windows Vista ya mwaka 2007, Microsoft iliweka sharti la idhini kabla ya kugusa sehemu hizo. Tangu hapo mtumiaji wa kawaida ni mpangaji mwenye ufunguo wa chumba chake asiye na ufunguo wa stoo ya mwenye nyumba. Mwizi apitaye mlango wa mpangaji huambulia kilichomo chumbani, isipokuwa apate upenyo wa kuvunja ukuta.

Kilichomo chumbani, hata hivyo, si haba. Agent Tesla, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014, husambazwa kwa barua pepe kama kiambatisho kinachojifanya ankara au agizo la ununuzi, na hadaa hiyo humnasa kwa wepesi karani wa kampuni ya utalii au wa mnunuzi wa kahawa, ambaye kufungua ankara ndiyo kazi yake. Haihitaji nywila ya msimamizi hata kidogo: aghalabu hujificha katika folda ya AppData ya mtumiaji mwenyewe, hujiandikisha miongoni mwa programu zinazoamka anapoingia, na maadamu inaendeshwa kwa jina lake, husoma anayoyaandika na kuiba nywila alizozihifadhi katika kivinjari.

Basi karani afanyeje? Auondoe kwanza waya wa mtandao au azime Wi-Fi, kisha abadilishe nywila zake za barua pepe na za benki kwa kifaa kingine, kwani kuzibadilisha kwenye kompyuta ile ile ni kumkabidhi mwizi ufunguo mpya. Baada ya hapo abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, azitazame programu zinazokwenda na zile zinazoamka zenyewe, na kwa kila asiyoitambua aulize faili lake linakaa wapi. Jina la kubahatisha ndani ya AppData au folda ya muda ni dalili ya kutiliwa shaka, ingawa si hukumu, kwa kuwa hata Chrome huweza kuwekwa humo bila idhini ya msimamizi. Avikague kadhalika viendelezi vya kivinjari, ambavyo watu husahau kuwa navyo husoma kurasa. Kila alionalo alipige picha kwa simu kabla ya kuligusa. Wengi hukimbilia kufuta, na wakishafuta, msimamizi ajapo hukosa athari ya kumwonyesha mlango ulikuwa upi.

Kuizima programu katika orodha ya kuamka ni kitulizo tu. Dawa niipendayo ni kumwomba msimamizi afungue akaunti mpya, zihamishwe hati peke yake, barua, majedwali na picha, bila programu wala chochote cha AppData, kisha akaunti kongwe ifutwe na vyote vilivyomo. Jasusi aliyeishi katika akaunti hiyo hukosa pa kukaa. Ikiwa baada ya hapo dalili zinarejea, au antivirasi ya ofisi imezimika pasipo mtu kuizima, yafaa kuamini kwamba ukuta ulikwisha kuvunjwa, na hapo hapana jingine ila kuusimika mfumo upya. Mbinu za mtaani za kuvunja nywila ya msimamizi kwa flashi nazikataa kabisa: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo bila idhini, na nia njema haitamwondolea karani usumbufu wa kujieleza.

Iko hali nyingine iliyo nzito zaidi, ambapo jasusi ametiwa na mwenye mamlaka. Nyaraka zilizotangazwa Oktoba 2015 na shirika la Privacy International la London zilieleza kwamba ujasusi wa jeshi la Uganda, katika operesheni iliyoitwa Fungua Macho, ulitumia programu ya FinFisher baada ya uchaguzi wa 2011, na kwamba mitandao ya bandia ilitegwa Bungeni, katika taasisi za serikali na katika hoteli za Kampala, Entebbe na Masaka. Serikali ya Uganda ilikanusha. Dhidi ya hila ya namna hiyo, kuikagua AppData hakufui dafu, na aliye na siri ya kulinda hana budi kuiweka mbali na mashine isiyo yake.

Mwajiri wa Kwa Sadala si jeshi, lakini naye aweza kuweka programu ya kuwaangalia wafanyakazi wake, na karani asithubutu kuiondoa kabla ya kuuliza ni ya nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe mhusika kwamba zinakusanywa na kwa madhumuni gani. Asiyejulishwa aulize kwa maandishi na kutunza nakala; asiporidhika na jawabu, malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.