Kimondo, Sayari Ndogo na Asteroidi: Tatizo la Majina na la Joto

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo anga, neno kimondo limetwishwa mzigo usiolingana na nguvu zake. Hutajwa kimondo pale nuru inapokatiza angani usiku. Hutajwa kimondo pale jiwe lililoanguka linapookotwa. Na siku hizi hutajwa kimondo hata linapozungumziwa jiwe lizungukalo Jua, lililo mbali nasi mamilioni ya kilometa, ambalo halijawaka wala halijaanguka, na yamkini halitaanguka kamwe.

Matumizi mawili ya kwanza hatuyapingi. Chuma cha Mbozi, mkoani Songwe, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, kimeitwa Kimondo na umma wote, na si kazi ya mwanaistilahi kuunyang'anya umma jina lake. Matumizi ya tatu ndiyo tunayoyakataa, kwa sababu ndani ya neno kimondo mna habari ya kuanguka. Msomaji aambiwapo kwamba kimondo chenye upana wa mamia ya mita kinaikaribia dunia, huelewa kwamba kinakuja kumwangukia, na hana kosa kuelewa hivyo.

Wako waliokwisha kuiona hatari hii wakakimbilia sayari ndogo. Hawa nao hawakutusaidia sana. Ryugu, jiwe lililochunguzwa na chombo cha Kijapani Hayabusa2 mwaka 2018, lina upana wa mita 900 hivi. Asimamaye Arusha mjini na kuutazama Mlima Meru angehitaji mawe matatu ya kadiri hiyo yaliyobebana, na bado yasingekifikia kilele. Kitu cha namna hiyo kukiita sayari, hata kwa kukiongezea sifa ya udogo, ni kulivuruga neno ambalo mwanafunzi amefundishwa kwa taabu. Tena tangu mwaka 2006, wanajimu walipoanzisha daraja ya sayari kibete, mtafsiri hujikuta na maneno mawili ambayo mwalimu darasani hawezi kuyatenga.

Sisi twaona asteroidi litumike. Ni la mkopo, naam, na halimwambii msomaji lolote. Lakini afadhali neno lisilosema kitu kuliko lisemalo uongo. (Hata huko lilikotoka halikuwa sahihi: William Herschel alipolipendekeza mwaka 1802 lilikuwa na maana ya kitu kilicho mfano wa nyota, na nyota sizo.)

Tatizo la joto ni zito zaidi, na hapa watafsiri wengi hupita haraka. Asteroidi nyingi hazijafikiwa na chombo chochote. Ukubwa wake hukadiriwa kwa kulinganisha nuru ya Jua inayoakisiwa nazo na mionzi ya joto inayotoka kwazo. Jiwe dogo jeupe na jiwe kubwa jeusi huweza kuonekana na mng'ao mmoja katika darubini. Ila lile jeusi hufyonza nuru zaidi na kutoa joto zaidi, ndipo hujulikana. Mtafsiri asiyetenga joto, halijoto na mionzi ya joto hawezi kuieleza kazi hii hata kwa kurasa kumi.

Ipo tena sifa moja ambayo haijapata jina linalotosheleza, nayo ni ule uzito wa kitu katika kupata joto na katika kulipoteza. Mkaazi wa chini ya Mlima Meru aijua bila ya kufundishwa. Mlima ule ni wa volkano, nao umetupa mawe magumu na majivu pia. Baada ya machweo, jiwe gumu jeusi hubaki na uvuguvugu kwa muda mrefu, hali vumbi la majivu lililo kando yake limekwisha poa. Kwa kipimo hicho hicho wataalamu walitambua kwamba mawe ya Ryugu, yaliyotarajiwa kuwa magumu, yamejaa vitundu. Tena, kwa vipimo vingine, jiwe zima lilionekana kuwa zito kuliko maji kwa kiasi kidogo tu, gramu 1.19 kwa sentimeta moja ya ujazo.

Kuiita sifa hiyo ukinzani wa joto ni kuingilia istilahi za umeme. Uhimili wa joto ni jambo jingine: sufuria huhimili joto. Twapendekeza ukawiaji joto, kwani kukawia kunahusu pande zote mbili, kupata na kupoteza. Joto likawialo kutoka huilemea asteroidi kidogo kidogo na kuihamisha njia yake. Ile iitwayo Bennu husogea kiasi cha mita 284 kila mwaka. Basi asiyejua ukawiaji joto hawezi kubashiri njia.

Jambo hili latuhusu kuliko wengi. Jiwe lililoanguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938, lina uzito wa gramu 705 tu, lakini kundi zima la mawe ya angani huitwa kwa jina la mahali hapo, na mchanga wa Ryugu ulioletwa duniani Desemba 2020 ulionekana kufanana nalo. Ivuna hutajwa katika maabara za Tokyo na London. Ni aibu tukikosa maneno ya kuieleza Ivuna kwenyewe.

Wala muda si mwingi. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Aprili 2029, asteroidi Apophis itaipita dunia kwa umbali wa kilometa 32,000 hivi, nayo itaonekana kwa macho matupu Afrika, ikiwa mawingu ya masika yataruhusu. Mwaka 2021 ilithibitishwa kwamba haitatugonga kwa miaka 100 ijayo angalau. Wakalimani wa Arusha, mji wa mikutano, wataulizwa habari zake, na maofisa wa wilaya wataandika matangazo. Twashauri tangazo lisomeke hivi: asteroidi Apophis itapita karibu na dunia. Neno kimondo lisiwemo.