"Kadi ya Michoro Imekufa": Uhakiki wa Istilahi za Hitilafu za Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi chache za kompyuta kwa kipimo ambacho, kwa maoni yetu, hakijatumiwa vya kutosha, nacho ni kipimo cha hitilafu. Desturi yetu katika kazi ya istilahi ni kuuliza kama neno ni fupi, kama linatamkika bila taabu, na kama linachukuana na muundo wa Kiswahili. Maswali hayo ni ya haki. Lakini chombo kikiwa kizima, karibu jina lolote litafaa. Ni pale kinapoharibika ndipo tunapotambua kama jina tulilokipa linamsaidia mtumiaji kufikiri au linampoteza njia.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, istilahi za fani nyingi zimesanifiwa. Kwa upande wa kompyuta, hatua moja kubwa ilikuwa ya mwaka 2004, wakati mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Kazi za namna hiyo zimempatia mtumishi wa serikali maneno ya kutumia akiwa mbele ya skrini. Ndani ya sanduku la kompyuta hali ni nyingine. Humo tunayo majina, lakini sentensi hatuna.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Kyimo, katika barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, amenunua sehemu mojamoja na kujiundia kompyuta nyumbani. Siku moja anaiwasha. Taa zinawaka na feni zinazunguka, ila skrini inabaki nyeusi. Anampigia simu fundi aliye mjini, naye anamjibu kwa sentensi moja: "Kadi ya michoro imekufa." Mwalimu akiiamini sentensi hiyo, atatafuta nauli ya kwenda Mbeya na fedha za kununulia kadi nyingine, na kadi hiyo mara nyingi ni miongoni mwa sehemu ghali kuliko zote. Je, sentensi hiyo imemweleza nini?

Tuanze na jina lenyewe. Kwa msemaji wa Kiswahili, mchoro ni kitu kilichochorwa: ramani ya nyumba, au mchoro wa moyo katika ubao wa darasani. Kadi hii haishughulikii michoro peke yake. Kila herufi na kila nukta ya mwanga inayoonekana katika skrini iliyounganishwa nayo imeandaliwa na kadi hiyo. Mwalimu anayeandika mitihani tu aweza kudhani kwamba kadi ya michoro haimhusu, kwa kuwa yeye hachori. Tungependelea kadi ya taswira. Neno taswira linakumbusha kwamba kuna njia ya kufuatwa: taswira hutoka katika kadi, hupita katika kebo, hufika katika skrini. Njia yaweza kukatika popote. Isitoshe, prosesa nyingi zina sehemu yake ya kuandaa taswira, na ubao mkuu huwa na tundu la kutolea taswira hiyo. Kebo ikichomekwa katika tundu lisilo lake, skrini huweza kubaki nyeusi hali kadi ni nzima kabisa.

Sasa tulitazame neno imekufa. Hatulikatai kwa kuwa si Kiswahili. Saa hufa, na redio hufa, na watu wote huelewa. Tatizo ni kwamba kitenzi hiki hufunga uchunguzi kabla haujaanza. Hali ambazo mafundi huzikusanya katika neno hilo moja ni nne walau, na kila moja ina dawa yake.

Kwanza, kadi yaweza kuwa imelegea, yaani haikukaa sawasawa katika tundu lake. Hapo hapana budi kuzima umeme, kuchomoa waya wa ukutani, na kugusa chuma cha sanduku ili umeme tuli utoke mwilini. Kisha kadi ichomolewe, meno yake yasafishwe, irudishwe hadi kibanio kifunge. Katika nyanda za Rungwe, ambako mvua ni nyingi, unyevu na vumbi katika meno hayo ni jambo la kuchunguzwa mapema.

Pili, kadi yaweza kuwa imenyimwa umeme. Tundu la aina ya PCI Express huipatia kadi wati zisizozidi 75. Kadi kubwa huhitaji waya wa ziada: wenye pini 6 huongeza hadi wati 75, na wenye pini 8 hadi wati 150. Waya huo ukisahauliwa, feni za sanduku zitazunguka kama kawaida, na skrini isionyeshe kitu.

Tatu, kadi yaweza kuwa imezidiwa na joto. Dalili zake ni kompyuta kuzimika baada ya muda, au skrini kujaa madoa na mistari, ingawa dalili hii ya pili yaweza pia kutokana na ubovu wa kumbukumbu za kadi.

Nne, kadi yaweza kuwa imeungua. Hii ndiyo peke yake inayostahili kuitwa kifo, na uthibitisho wake ni kadi kushindwa kufanya kazi hata ikihamishiwa katika kompyuta nyingine iliyo nzima.

Yafaa kukumbuka kwamba mashine yenyewe huwa na uangalifu kuliko sentensi ya fundi wetu. Mbao kuu nyingi, zikiwa zimefungiwa spika ndogo, hutoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi kueleza kwamba taswira haikupatikana. Hazisemi kwamba kadi imekufa.

Hatari kubwa zaidi imo katika neno kiendeshi. Neno hili hutumika kwa kifaa kinachohifadhi kumbukumbu, na hutumika pia kwa programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Skrini ikionyesha herufi zilizovurugika, mwongozo ukaagiza "ondoa kiendeshi, kisha weka kipya", msomaji aweza kufungua skrubu na kuitoa diski yenye alama za wanafunzi wake wote. Twashauri kiendeshi kiachiwe diski. Ile nyingine yatosha kuitwa programu ya kadi, kama vile tutakavyosema programu ya printa.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba mafundi hawahitaji maneno yetu, kwa kuwa wanayo yao: pawa, feni, fyuzi, shoti. Twakubali kwamba wanayo, na kwamba ni mema. Imepiga shoti ni sentensi bora kuliko imekufa, kwa sababu inataja tukio na kuelekeza mahali pa kutazama. Wala lugha yetu si maskini wa vitenzi. Fundi huchomeka waya, huuchomoa, nao waweza kuchomoka wenyewe. Mtu hulegeza skrubu, nayo yaweza kulegea. Mzizi mmoja hueleza nani katenda na nini kimetokea, na hiyo ndiyo tofauti anayoihitaji mtafuta hitilafu.

Hivyo basi, tunatoa rai kwa kamati za istilahi: jina la kifaa lisipitishwe peke yake. Liandamane na vitenzi vya kueleza namna kinavyoharibika, na sentensi mbili tatu za kulijaribia. Walimu wa vyuo vya ufundi na watafsiri wa miongozo wanaweza kuanza kazi hiyo sasa, kwa kuyaandika maneno wanayoyasikia katika karakana na kuyaleta mbele ya Baraza. Istilahi inayomfanya mwananchi atupe kifaa kizima imemtia gharama, hata kama ni fupi na inatamkika vizuri.