Sakado nyepesi, lakini ku mgongo wa nani?

Wandugu, vakansi kubwa inakaribia na swali linarudi: kwa matembezi ya siku mbili ao tatu mlimani, tubebe nini? Jibu ambalo liko ku mode tunalijua wote: beba vyepesi. Leo tuchambue hilo fundisho lenyewe, juu liko na akili mingi, na liko pia na shimo moja kubwa.

Fundisho linatoka Marekani. Ray Jardine, mtu aliyesomea uhandisi wa anga, alitoa mwaka 1992 kitabu kuhusu Pacific Crest Trail, njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 4,200 toka mpaka wa Meksiko mpaka ule wa Kanada. Wakati ule watembezi walikuwa wanabeba sakado za kilo 20 na zaidi, na botini nzito za ngozi. Yeye alipendekeza viatu vya mbio, bashi pahali pa hema, na kifuniko kisicho na upande wa chini pahali pa mfuko wa kulalia. Hoja yake ilikuwa rahisi: ile sehemu unayolalia inabonyezwa, haishiki tena joto, basi unaibebea nini? Yeye na bibi yake Jenny walikuwa wanajishonea vitu vyao.

Na mbele ya Jardine kulikuwa mama Emma Gatewood. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67 na watoto 11 aliowazaa, alimaliza peke yake Appalachian Trail, zaidi ya kilomita 3,200. Alikuwa na mfuko aliojishonea, blanketi ya jeshi, koti la mvua na pazia ya plastiki ya bafuni kwa kujikinga mvua. Hakuna duka lililomfundisha wepesi.

Hapa njo nguvu ya fundisho: kila kitu kinapashwa kujibu swali «unafanya kazi gani?» kabla ya kuingia mu sakado. Kisichojibu kinabaki nyumbani. Lakini wafuasi wa leo wamegeuza swali kuwa manunuzi. Hema nyepesi sana inaweza kupita dola 500, na mtu anaona ameelewa wepesi juu amelipa. Gatewood alikuwa mwepesi kwa sababu ya vitu alivyoacha.

Shimo lenyewe liko mu hesabu. Watu hao wanahesabu «uzito wa msingi»: vyombo tu, bila chakula, maji wala gesi ya kupikia. Chini ya kilo 4.5, wewe ni bingwa. Kule Marekani hesabu hiyo inaweza kusimama, juu mtembezi anashuka mara kwa mara mu miji kununua chakula. Sasa ichukue kwetu, ku Nyiragongo, mita 3,470, wakati njia iko wazi kwa wageni. Mwamba wa volkano unanyonya mvua, basi maji unayabeba toka chini. Litre moja ni kilo moja, hakuna teknolojia ya kuipunguza. Litre nne za maji na kilo moja na nusu ya chakula zimekwisha kupita ule uzito wa msingi wote. Mtu aliyelipa bei kali kwa kupunguza gramu 300 za koti amepunguza pahali padogo.

Kuna pia hali ya hewa. Sisi wa agronomia tunajua joto linashuka karibu digri 6 kila unapopanda mita 1,000. Toka Goma, karibu mita 1,500, mpaka kileleni, ondoa digri 12, kisha ongeza upepo na ukungu. Kiangazi cha California ni kikavu. Mfuko uliojaa manyoya ya bata unafaa kule. Ku milima yetu, hata mu kipwa, unyevu unaingia, na manyoya yakilowa hayashiki tena joto. Ule wa nyuzi za kiwandani ni mzito kidogo lakini ukilowa bado unasaidia. Na mawe ya lava yanapasua kitambaa chembamba. Basi listi iliyoandikwa kwa California tusiikopi neno kwa neno.

Lakini lawama yangu ya kweli ni ya tatu. Vitabu hivyo vinawaza mtu mmoja na mgongo wake. Huku kwetu mlima unapandwa na watu wa aina mbili: mgeni, na mpagazi anayebeba vya mgeni. Mgeni anapanda na gramu zake zilizopimwa vizuri. Sufuria, makaa, maji na viti viko ku mgongo wa kijana wa kijiji mwenye viatu vilivyotoboka. Ni sawa na mmomonyoko: udongo ukiondoka ku kilima haukupotea, umeshuka bondeni. Uzito nao haupotei, unahama mgongo.

Nchi yetu inaijua hesabu hiyo. Kabla reli ya Matadi–Léopoldville kumalizika mwaka 1898, mizigo ya wakoloni ilipita ku vichwa na mabega ya watu, na wengi walikufia njiani. Huko Kilimanjaro, Tanzania, kanuni inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi mmoja. Kikomo ni kitu kizuri, lakini ni mwisho wa ruhusa. Hakimkatazi mtu kubebesha pungufu.

Hatusemi mpagazi asiajiriwe. Kazi ile inalipia watoto minervali. Tunasema listi iwe na mistari miwili: ninachobeba, na kinachobebwa juu yangu. Lile swali la «unafanya kazi gani?» liulizwe kwa mistari yote miwili. Kiti kikikosa jibu, kibaki chini. Blanketi ya mpagazi, yenyewe, iko na jibu: kileleni baridi inamkuta sawa na wewe, basi iandike mbele ya koti lako la pili. Ukimaliza, jumlisha mistari yote miwili pamoja. Kilo zitakazotoka pale njo uzito wa safari yako.